Agosti yangu tupu mpaka leo. Wageni wa nyumba huweka nafasi lini hasa?

BintiMwani, 20 Mei

Assalaam alaykum wakubwa na wadogo. Swali langu refu kidogo, mnivumilie.

Tuna nyumba Jambiani, pwani ya Unguja, upande wa Kikadini. Vyumba viwili, baraza, jiko, kisima na tangi la lita 2,000. Aliijenga marehemu baba, na mie na ndugu zangu tulikubaliana tusiiuze, tuikodishe kwa siku. (Leseni ya Kamisheni ya Utalii tunayo, msianze na hilo.) Mwezi wa kumi na moja mwaka jana mpwa wangu anayesoma chuo mjini akaiweka kwenye programu za kutafutia malazi, Airbnb na Booking.com, picha kapiga kwa simu yake, na kweli haikupita wiki mbili tukampata mtu na mkewe kutoka Poland. Krismasi tukajaa. Januari na Februari si haba. Ikaja Ramadhani, ikaja masika, tukalala. Hilo nililitegemea, maana pwani hii Aprili na Mei hata mahoteli makubwa hufunga milango wakapaka rangi.

Linaloninyima usingizi ni Agosti. Jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, kanambia kajaa Agosti nzima tangu Februari. Mie leo tarehe 20 Mei, Agosti nina oda moja ya siku tatu, Julai nina mbili. Nikifungua kalenda kwenye simu naona weupe mtupu, kama pwani maji yakikupwa, unatembea tu huoni bahari imekwenda wapi.

Na anayeniumiza zaidi ni mama. Yeye anakaa nyumba ya nyuma, na kila Ijumaa hutandika vile vitanda upya, mgeni awepo asiwepo. Hunyoosha shuka kwa kiganja kuanzia kati kwenda pembeni, hufunga chandarua fundo moja juu, kisha huweka asumini juu ya mto. Jumatatu huenda kuziokota zimeshageuka rangi ya chai, wala hasemi neno. Juzi ndiyo kaniuliza, "Mwanangu, hawa wageni wako wanakuja kwa miguu?"

Mpwa wangu anasema tushushe kutoka dola 65 hadi 40 sasa hivi, Agosti yote, tuwawahi kabla hawajaisha. Kaka yangu wa Dar anasema tutulie, watu huamua Alhamisi na Ijumaa wako kwenye boti. Sijui nimsikilize nani. Wenye uzoefu niambieni: mgeni wa kawaida huweka nafasi siku ngapi kabla? Nimeshachelewa au bado? Na bei nishushe?

MzeeWaKusi, 20 Mei

Waalaykum salaam binti. Bei usiiguse kwanza.

Mie niko Paje, mwaka wa tisa huu kwenye kazi hii, nyumba tatu. Nina daftari, na si la fedha, la fedha liko kwa mke wangu. Langu ni la tarehe: mgeni kaweka nafasi lini, kafika lini, katoka wapi, kafuata nini. Nililianza baada ya kuumia, nitakwambia mbele. Humo ndani sijamuona huyo "mgeni wa kawaida" unayemuuliza. Nilichoona ni kwamba kila mgeni kuna kitu anakisubiri kabla hajakulipa wewe. Ukikijua anachosubiri, unajua atapiga hodi lini.

Familia za Ulaya zinasubiri likizo ya shule na tiketi ya ndege. Nauli ya watu wanne au watano ndiyo mzigo wenyewe. Wakishautua, wiki ileile wanatafuta pa kulala. Kwa Agosti hao huanza kuonekana kwangu Januari na mkia wao hukatika Aprili. Wataliano ni hivyohivyo, kwao ile wiki ya tarehe 15 Agosti ni likizo ya nchi nzima. Wanaotoka Serengeti au Kilimanjaro wao wanasubiri kampuni ya safari imalize kupanga kambi na magari. Nyumba ya pwani kwao ni kitu cha mwisho kwenye karatasi, siku tatu nne za kunyoosha mgongo. Mtu kalipia safari mwaka mzima kabla, halafu pa kulala huku anapatafuta zimebaki wiki sita.

Watu wa kaiti, wale wanaoteleza juu ya maji kwa ubao wakivutwa na tiara, wanasubiri upepo. Wanaoujua wanaujua, kusi inakaza Juni hadi Septemba, kaskazi inashika Desemba hadi Februari, hawahitaji kuambiwa. Nina Mholanzi mmoja, kila mwaka akiondoka kashaacha oda ya mwaka ujao, wiki ileile, chumba kilekile, na ubao wake uko stoo kwangu. Ila wale vijana wanaokuja kujifunza wanakuwa wako kisiwani tayari. Wamekaa Nungwi siku tatu, wamechoka kelele, wanapanda gari, na nafasi wanaiweka wakiwa ndani ya gari. Siku moja oda iliingia saa nane mchana, nikatoka kufungua geti nitoe takataka, mgeni huyu hapa kasimama na begi mgongoni.

Watu wetu wanasubiri mshahara na boti. Na ikija Idd wanasubiri mwezi. Hili hutalikuta kwenye makala za kufundisha wenye nyumba, maana wanaoziandika hawafungi. Idd ya Mfunguo Mosi hakuna anayejua ni kesho au kesho kutwa mpaka mwezi uandame, kwa hiyo simu zinaanza kulia usiku huohuo baada ya tangazo, watu kumi kwa mkupuo, wote boti ya asubuhi. Idd ya Mfunguo Tatu ina nafuu, mwezi ukishaonekana una siku tisa za kujipanga. Mie nyumba moja huifunga kwenye programu siku hizo nikawashikia wao, na siku ya 29 ya Ramadhani simu haitoki mkononi hata nikiwa nafuturu.

Tuje kwa jirani yako. Kajaa Agosti tangu Februari, mashaallah. Umemuuliza kwa bei gani? Mie mwaka wangu wa pili nilijaa Desemba ingali mwezi wa tano. Nikaizunguka Paje nzima kifua mbele. Kumbe nilikuwa nimeifungua kalenda ya mwaka mzima kabla sijapanga bei za msimu, nayo ikawauzia watu tarehe 27 Desemba hadi 3 Januari kwa bei ya masika. Siku saba, nyumba nzima, dola 35 kwa siku. Na wale wageni wakawa watu wazuri ajabu, wakaniachia na zawadi, ndipo nikazidi kuumia. Nilipotoka kuwasindikiza uwanja wa ndege nilipita duka la vifaa vya shule nikanunua daftari. Tangu hapo nikiona tarehe zinanunuliwa haraka mno sifurahi, nakwenda kuangalia niliandika nini.

Agosti yako sasa. Wale wa shule na ndege wameshapita, usijidanganye kuwa watarudi. Waliobaki ni wa safari, wanandoa wasio na watoto, vijana wa begi, na watu wetu. Hao bado. Kwangu mimi Agosti hunogea baada ya Saba Saba. Ukiandika 40 leo, humleti asiyekuwa na tiketi. Utakachofanya ni kumpunguzia yule ambaye wiki ijayo angekulipa 65 bila kubisha.

Halafu swali dogo. Huyo mpwa wako kalenda kaifungua miezi mingapi mbele? Liko kwenye mipangilio, kaangalie.

MamaNyali, 21 Mei

Salamu kutoka Mombasa. Nina nyumba mbili za ghorofani huku Nyali na wageni wangu wengi ni wa Nairobi, kwa hivyo nitawasemea hao tu.

Wangu husubiri treni. Tangu SGR ianze 2017, mtu wa Nairobi akitaka kuja Desemba hutafuta tiketi ya treni kwanza. Zikianza kuadimika, simu yangu nayo huanza siku hiyohiyo. Wenye watoto huuliza Oktoba na kulipa mwisho wa Novemba, mshahara ukiingia. Lakini wikendi za kawaida ni vichekesho. Ujumbe huja Ijumaa saa nne asubuhi, "Mama, leo kuna nafasi?", na kabla sijamaliza kubadilisha shuka washafika Mtito Andei. Sikukuu ikiangukia Jumapili, huku Kenya Jumatatu huwa mapumziko, na hizo watu huziona mbali. Hizo mimi huziwekea bei yake tangu mwaka uanze.

Dada, jambo jingine ni mapengo. Ukiweka sharti kwamba mgeni asikae chini ya siku tatu, halafu kukabaki siku mbili katikati ya wageni wawili, hizo siku hazipo. Hakuna atakayeziona hata akizitafuta. Wa kuzinunua ni wale wanaoamua leo kwa leo, kwa hivyo ikibaki wiki moja mimi hushusha sharti liwe siku moja na bei huipunguza hapo tu, mwezi uliobaki nauacha ulivyo.

Na aliyeshika nafasi mapema si lazima aje. Mwaka juzi kikundi kimoja kilinishikia nyumba zote mbili tangu Machi, siku kumi na mbili za Agosti. Nikawakataa watu wanne. Siku mbili kabla wakaghairi, na sababu nilikuwa nimeweka lile sharti jepesi la kughairi bure hadi saa 24 kabla ya kufika, sikuona hata ndururu. Nilikuwa nishanunua hadi unga wa mahamri. Siku hizi msimu naufungia kwa sharti gumu, na miezi mikavu naiachia jepesi.

BintiMwani, 21 Mei

Mzee wa Kusi, umeniua. Nimempigia mpwa wangu. Miezi mitatu! Eti aliona ikifunguka sana "italeta fujo". Kwa hiyo mwezi wa pili, jirani anajaa, Agosti yangu mie ilikuwa haijazaliwa. Na zile tarehe za baada ya 20 Agosti zenye rangi ya kijivu nilikuwa nadhani ni simu yangu mbovu.

MamaNyali, pole sana. Mahamri mliyala wenyewe?

MamaNyali, 21 Mei

Wiki nzima. Asubuhi na jioni.

BaridiYaHamburg, 22 Mei

Nami niseme kama mgeni, kwa sababu mimi ndiye yule wa "shule na ndege" anayesemwa hapo juu.

Kwetu ni Tanga, ila huu mwaka wa kumi na moja niko Ujerumani, watoto watatu wote wako shule. Likizo za shule hapa kila jimbo lina zake, na tarehe zinajulikana miaka mbele. Kazini nako likizo ya kiangazi unaiandikisha mwanzoni mwa mwaka, ukizubaa wenzako wanazimaliza wiki zote nzuri. Kwa hiyo sisi safari ya Agosti huamuliwa Januari, usiku mmoja, theluji dirishani, mke wangu ana kompyuta na mimi nina kadi ya benki na roho inadunda. Tulilipa tiketi tano usiku ule. Kesho yake tukaanza kutafuta nyumba kati ya Paje na Jambiani, siku kumi na nne.

Unapoandika tarehe zako kwenye programu, nyumba ambayo kalenda haijafunguliwa huambiwi kwamba imejaa. Haiji kabisa. Dada BintiMwani, sisi hatukukukataa. Hatukukuona. Na nikisoma habari ya mama na asumini nasikitika kweli, maana tulikopata ni kwa mtu aliyejibu ujumbe wetu siku ya tatu, kwa neno moja: "Available."

Ila sikiliza na hili. Tuliyoipata tuliishika kwa sharti la kughairi bure, na nakiri mbele yenu kwamba mke wangu bado anaangalia. Kila Jumapili. Mwaka fulani tulihama Juni, tukamwachia mtu siku kumi zake. (MamaNyali usinitafute.) Wenzetu wengi hapa hufanya hivyohivyo, na ule muda wa kughairi bure unapokaribia kwisha watu huanza kuhamahama. Kwa hiyo hata wa mapema wana mzunguko wa pili. Si wengi, lakini wapo, na huyo wa mzunguko wa pili tiketi anayo mkononi, habahatishi.

Na picha za simu, dada, mwambie mpwa apige tena. Mimi ningependa kuona hiyo baraza, saa za asubuhi, na bahari nyuma yake. Godoro nalijua lilivyo.

AbiriaWaMwisho, 22 Mei

Mie ndiye yule aliyesimama getini na begi. Mzee, nilikuwa nimebonyeza "thibitisha" nikiwa pale kwenye mwembe wenu, mtandao ndiyo ulichelewa.

MzeeWaKusi, 22 Mei

Kama ni wewe kweli, uliacha kandambili moja. Ya kushoto.

BintiMwani, 29 Julai

Nimerudi, niliwaahidi wengine kwenye ujumbe wa pembeni kwamba nitaleta habari.

Kwanza tulikaa mie na mpwa wangu barazani siku nzima na kalamu. Hatukufungua kitu mpaka bei zote ziandikwe, Mzee aliniogopesha. Desemba 20 hadi Januari 5 tumeweka dola 110 na sharti la siku tano. Masika 35. Kusi nzima 65 kama ilivyokuwa. Ndipo tukafungua miezi 12. Picha tukapiga upya, saa kumi na mbili na nusu asubuhi maji yamejaa. Mama alikataa kutoka barazani, kwa hiyo yumo kwenye picha ya kwanza, kaupa mgongo kamera, anachagua mchele. Wageni wawili wamemuulizia kwa ujumbe kabla hata ya kuuliza maji ya moto.

Juni wiki tatu za mwanzo hakuna kitu. Hakuna. Nikaandika 45 usiku mmoja, nikaifuta asubuhi kabla ya chai. Oda ya kwanza ikaingia tarehe 24 Juni, Wahispania wawili wanaotoka Serengeti, siku nne za Agosti. Baada ya Saba Saba zikaja tatu ndani ya wiki moja, na mmoja wao nadhani ni wale wa kuhamahama wa Hamburg, kwa sababu aliniuliza maswali kumi na nne kisha akalipa yote. Likabaki pengo la tarehe 7 na 8. Nikafanya alivyosema MamaNyali, sharti siku moja, dola 50, na likachukuliwa juzi na watu wa Dar wanaokuja kupumzika Nane Nane. Walitaka wapunguziwe tena. Nikawaambia pweza wa nazi wa mama ni bure siku ya kwanza, wakanyamaza.

Wiki ya mwisho ya Agosti bado nyeupe. Sijaigusa.

Jirani nilimuuliza, Mzee. Nilimwambia, haya wewe Februari uliuza kwa ngapi? Akanikaribisha chai.

Daftari nimenunua. Mama naye kila simu ikilia anauliza, "Huyu alikuwa anangoja nini?" Wa jana sikujua nimjibu nini, ni kijana wa Kampala, kaweka nafasi ya wiki mbili za Februari mwakani, peke yake, kaandika tu kwamba anakuja kumaliza kitabu.

MzeeWaKusi, 29 Julai

Mashaallah. Huyo wa Kampala mwandikie kwamba mwakani Ramadhani inaingia Februari, ajue mapema migahawa ya karibu mchana itakuwa imefungwa, mpange na mama habari ya chakula chake. Na hiyo Februari yenyewe umeiwekea bei moja mwezi mzima?

BintiMwani, 29 Julai

Moja.

Ngojeni nikachukue simu.